Dagaa na Papa: Historia ya Sheria ya Dawa za Kulevya na Haki ya Mnyonge



Ndugu msomaji, kama umewahi kupita Soko la Toi siku za Ramadhan baada ya Alasiri, hali unaijua. Wenye mitumba wanamalizia robota la mwisho, akina mama wa Kibera na Kawangware wanachagua nguo za watoto za Idd, na kando ya njia tende na sambusa zimepangwa tayari. Kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani kabla ya adhana ya Magharibi.

Ni saa kama hiyo, Ramadhan moja miaka ya nyuma, ambapo kijana mmoja tuliyekuwa tukimtuma kubeba mizigo alishikwa kwenye msako. Mfukoni alikuwa na misokoto mitatu ya bangi. Sitamtaja jina, wala kituo, wala mahakama, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Walioshikwa naye walikuwa wengi, lakini wenye kitu kidogo walirudi nyumbani usiku ule ule. Yeye hakuwa nacho. Seli wenzake wakamshauri, "Kubali tu, hakimu atakuonea huruma, mambo yaishe." Akakubali. Akafungwa mwaka mmoja.

Mamake aliuza vitu vya nyumba akitafuta wakili wa rufani, pesa zikaisha kabla wakili hajapatikana. Kijana alipotoka, nafasi yake sokoni ilikuwa na mtu mwingine. Lakini kilichonibakia moyoni ni swali la yule mama, alilouliza akiwa amekaa kwenye benchi la msikiti: "Na aliyemuuzia, yeye yuko wapi?"

Vijana wenzangu, makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Nieleze mapema ili nisifahamike vibaya: sisemi kwamba bangi ni halali, wala siwatetei wauza unga. Kinacholevya ni haramu, na hilo halina mjadala kwetu. Ninachouliza ni hiki: adhabu kali tulizonazo zinamwangukia nani?

ADHABU KALI SI JAMBO GENI

Wengi tunadhani vita hivi vilianza na Wazungu. La. Waislamu walihangaika na hashishi, yaani bangi, tangu karne nyingi zilizopita. Mwanahistoria al-Maqrizi wa Misri ameandika habari za amiri mmoja wa Cairo, Sudun al-Shaykhuni, ambaye karibu na mwaka 1378 aliamuru wanaokula hashishi wang'olewe meno. Fikiria adhabu hiyo! Lakini huyo huyo al-Maqrizi anaeleza kwamba ilipofika karibu mwaka 1412, watu wa Cairo walikuwa wakiitumia waziwazi, hata wakubwa. Meno yaling'olewa, hashishi ikabaki.

Wanazuoni nao hawakuwa na kauli moja. Wote waliikataza, lakini kuhusu adhabu walitofautiana. Ibn Taymiyyah, aliyefariki mwaka 1328, aliona mlaji wake aadhibiwe kama mnywaji wa pombe. Wengine walisema adhabu yake ni taazir, yaani ile inayoachiwa kadhi aipime kulingana na mtu, kosa na hali yake. Shika neno hilo "kupima", tutalirudia mbele.

JINSI SHERIA ILIVYOFIKA KWETU

Huku kwetu, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku afyuni na bangi kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1914. Kisha mwaka 1924 hadi 1925, mataifa yalipokutana Geneva kujadili afyuni, mjumbe wa Misri, Daktari Mohamed El Guindy, alisimama akaomba hashishi nayo iongezwe kwenye orodha. Ikaongezwa. Baadaye ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, halafu ule wa Vienna wa 1988 uliozitaka nchi ziwabane walanguzi kwa adhabu nzito.

Wazee wa Kibra wanaijua habari ya misako kuliko sheria yenyewe. Ardhi hii walipewa askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Waingereza, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi. Lakini hati hawakupewa, na kazi nje ya jeshi zilikuwa shida. Baadhi ya familia zikaishi kwa kupika pombe kali, na jina la pombe ya Kibra likajulikana Nairobi nzima. Polisi walivamia miaka nenda miaka rudi. Uhuru ukaja, na mwaka 1980 Bunge likatunga sheria maalum ya kuipiga marufuku chang'aa. Miaka 30 baadaye, mwaka 2010, sheria hiyo ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na sheria ya kudhibiti vileo. Katika miaka yote hiyo mpikaji alishikwa, mtungi ukamwagwa, faini ikalipwa, na wiki iliyofuata moto ukawashwa tena, kwa sababu njaa iliyouwasha haikushikwa na polisi.

SHERIA YA 1994

Miaka ya 1980 heroini ilianza kuingia Pwani. Vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu wakaijua kwa jina la "brown sugar", na familia nyingi za Kiislamu zikaanza kulia. Kenya ikawa njia ya kupitishia mzigo kutoka Asia kwenda Ulaya na Marekani. Hapo ndipo Bunge lilipotunga Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, ikaondoa ile ya zamani iliyotokana na ukoloni.

Tazama viwango vyake. Ukipatikana na bangi, hata ukithibitisha ni ya kuvuta mwenyewe, kifungo kilikuwa miaka 10. Ukishindwa kuthibitisha, miaka 20. Ukipatikana na heroini au kokeini ya kutumia mwenyewe, miaka 20. Na ulanguzi: faini ya Sh1,000,000 au mara tatu ya thamani ya mzigo, iliyo kubwa kati ya hizo, na juu yake kifungo cha maisha.

Walioiandika walikuwa wanamfikiria papa, yule mwenye meli na magari, anayeharibu taifa zima. Kwa papa, maisha jela si mengi. Lakini wavu uliosokotwa kwa papa ulikuja kutupwa kwenye maji ya dagaa. Askari wa zamu ya usiku hakutani na mwenye meli. Anakutana na mvulana wa mkokoteni.

Isitoshe, kwa miaka mingi kulikuwa na mahakimu walioyasoma maneno ya sheria kana kwamba hawana ruhusa ya kupunguza hata siku moja. Mwaka 2009, katika kesi ya bangi, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba pale sheria inaposema mtu "atastahiki" miaka 10, maana yake ni dari, si sakafu. Hakimu anaweza kutoa chini ya hapo. Mwaka 2014 mahakama hiyo ikasema hivyo hivyo katika kesi ya heroini, kwamba hata kifungo cha maisha katika sheria ile si lazima. Hesabu mwenyewe: toka 1994 hadi 2009 ni miaka 15. Waliofungwa katikati hapo kwa tafsiri mbaya, nani aliwarudishia miaka yao?

Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi mashuhuri ya Muruatetu, ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba, kwa sababu mshtakiwa ananyimwa nafasi ya kueleza hali yake. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Hata hivyo hoja yake inaeleweka na kila mtu: huwezi kumhukumu mtu bila kumpima. Ndiyo ile taazir tuliyoitaja.

NA PAPA JE?

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Desemba 2004 polisi walinasa kokeini zaidi ya tani moja Malindi na Nairobi, thamani yake ikakadiriwa kuwa mabilioni ya shilingi. Iliteketezwa mwaka 2006. Mzigo wa tani nzima haubebwi mfukoni. Unahitaji kontena, ghala, na watu wa kufumba macho bandarini na barabarani.

Kisha kuna habari za akina Akasha wa Mombasa. Baba yao aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Novemba 2014 wanawe, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa baada ya mtego wa maafisa wa Marekani, ambapo kilo 99 za heroini zilikabidhiwa mawakala waliojifanya wanunuzi. Marekani ikaomba wapelekwe huko. Kesi ya kuwahamisha ikavutwa mahakamani kwetu zaidi ya miaka miwili, leo imeahirishwa, kesho imeahirishwa. Januari 2017 ndipo waliposafirishwa hadi New York. Huko walikiri makosa, na mojawapo lilikuwa kutoa hongo kwa maafisa wa Kenya ili kesi isiende. Agosti 2019 Baktash alihukumiwa miaka 25, na Januari 2020 Ibrahim akapewa miaka 23.

Weka mizani. Upande mmoja kilo 99 za heroini, bunduki na hongo: miaka 25. Upande mwingine bangi ya kuvuta mwenyewe: sheria yetu wakati huo iliruhusu miaka 10. Na yule wa kilo 99 hakuhukumiwa kwa sheria yetu kali! Tulikuwa na kifungo cha maisha kitabuni tangu 1994, lakini ilibidi papa avuliwe na wavu wa watu wengine. Ukali wa maandishi haukumtisha, kwa sababu alijua kuna bei ya kuupita.

Mtaliano mmoja, Cesare Beccaria, aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa zaidi kuliko ukali wa adhabu. Hatuhitaji kwenda Italia kulijua hilo. Mtume (s.a.w.) aliletewa kesi ya mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum aliyeiba, watu wakamtuma Usama bin Zaid amwombee. Mtume alikasirika, akawaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu mkubwa akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu. Hadithi hii tunaisikia kila mwaka kwenye mawaidha. Tumewahi kuisoma tukiwa tumekaa kwenye benchi la mahakama?

WENGINE WALIKOPITIA

Wako wanaosema dawa ni kuongeza ukali tu. Basi tuangalie waliojaribu. Mwaka 1973 jimbo la New York lilipitisha sheria za Gavana Nelson Rockefeller: kuuza gramu 57 hivi za heroini au kokeini kulikuwa na kifungo cha kuanzia miaka 15 hadi maisha. Magereza yakajaa vijana weusi na wa asili ya Puerto Rico. Ilibidi sheria hizo zilegezwe mwaka 2004 na tena 2009.

Mwaka 1986 serikali kuu ya Marekani ikaweka miaka 5 kwa gramu 5 za "crack", kokeini ya kuvuta iliyopatikana mitaa ya maskini, na miaka 5 hiyo hiyo kwa gramu 500 za kokeini ya unga iliyopendwa na matajiri. Dawa ni moja, tofauti ni mara 100! Haikurekebishwa hadi 2010, na hata hapo ilishushwa kuwa mara 18, haikuwa sawasawa. Kwa hivyo hata nchi yenye kompyuta na mawakili wengi inaweza kuandika dhuluma ndani ya sheria na kuiita vita dhidi ya mihadarati.

KIBRA ILIPOLIPELEKA SWALI BUNGENI

Septemba 2018 aliyekuwa mbunge wetu wa Kibra, marehemu Ken Okoth, aliandika akitaka mswada wa kuhalalisha bangi kwa masharti, pamoja na kuwafutia rekodi waliofungwa kwa ajili yake. Alifariki Julai 2019 mswada ukiwa haujaenda popote. Mimi kama Muislamu sikukubaliana naye kuhalalisha, na misikitini wengi tulipinga. Lakini lile la rekodi lilistahili kusikilizwa hata na sisi tuliopinga. Kijana akitafuta kazi ya askari jongo tu, anaombwa cheti cha polisi cha tabia njema. Kifungo cha mwaka mmoja kinageuka kuwa kifungo cha maisha nje ya jela.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa. Bangi ya matumizi binafsi sasa ni miaka isiyozidi 5, au faini isiyozidi Sh100,000. Walanguzi wa heroini na kokeini wakawekewa viwango vipya: zaidi ya gramu 100, faini kuanzia Sh50 milioni au miaka 50. Ni hatua, tuseme Alhamdulillah. Lakini faini ni mlango unaofunguliwa kwa pesa. Mwenye duka la Ngong Road atalipa Sh100,000 na kurudi kula chakula cha jioni. Anayebeba mizigo Toi ataziona pesa hizo lini? Kwake faini na jela ni kitu kimoja. Na teja anayeuza kete ili apate yake ya kesho, naye anaandikwa mlanguzi.

WAZAZI WANASEMAJE?

Kuna mzazi atasoma haya akasirike. Atasema, "Wewe hujaona mwanao akiuza sufuria za nyumbani kwa ajili ya unga." Mzazi huyo ana haki ya hasira yake, na mimi sina la kumfundisha kuhusu machungu. Lakini muulize anataka nini hasa. Anataka mwanawe arudi. Anataka anayeleta mzigo ashikwe. Kumfunga teja miaka 20 hakumpi hata moja katika hayo mawili. Jela anakutana na waliomzidi ujuzi, na nje muuzaji anampata mnunuzi mwingine.

Njia nyingine ipo, na tayari inatumika. Tangu Desemba 2014 Hospitali ya Mathari hapa Nairobi ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, na kliniki nyingine zikafuata Pwani. MEWA, jumuiya ya Waislamu ya Mombasa, ina kituo chake cha kuwasaidia waraibu. Na tangu 1998 tunayo sheria ya kutumikia jamii, inayomruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya kufagia, kujenga au kupanda miti badala ya jela kwa makosa madogo. Hakimu akiwa na njia hizi, anaweza kupima.

Mlevi mmoja aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.), akaadhibiwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akakataza, wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Angalia: adhabu ilikuwepo, lakini aliyeadhibiwa alibaki kuwa ndugu.

TUFANYE NINI?

Vijana wenzangu, tusimalizie kwa kulaumu serikali tu. Yako yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, tuijue sheria. Katiba ya 2010 inasema ukikamatwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na una haki ya kunyamaza na kuwa na wakili. Usikiri kosa ati kwa sababu umeambiwa yataisha haraka. Ukishakiri, rufani yako huwa ni juu ya kifungo tu, si juu ya kosa. Na rufani ina siku 14, usingoje Idd ipite.

Pili, tusimwache mtu wetu peke yake. Siku kijana anapofikishwa mahakamani, wazee wawili wa msikiti wakisimama pale wanaweza kumweleza hakimu huyu ni nani, anafanya kazi gani, anamtunza nani. Hakimu hawezi kupima asichokijua.

Tatu, anayetoka jela apewe pa kuanzia. Sisi wa Toi tunajua maana ya kuanza upya. Soko hili liliharibiwa kwenye ghasia za uchaguzi wa 2007 na likachomeka tena miaka ya baadaye, na kila mara watu walirudi wakapanga vibanda. Kama tunaweza kumjengea mwenzetu kibanda kilichoungua, tunashindwaje kumpa nafasi ya meza moja aliyetoka gerezani?

Nne, na hili ni zito: tuache kutoa kitu kidogo. Kila mia tunayompa askari ili atuachie, inapandisha bei ya uhuru kwa yule asiyenayo.

Yule kijana wa misokoto mitatu sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na anauza viatu sokoni. Lakini ilimchukua miaka mingi kurudi mahali alipokuwa jioni ile. Mamake hakuiona siku hiyo, alitangulia mbele ya haki. Swali lake bado halijajibiwa na mahakama yoyote.

Tuombe Ramadhan hii Mwenyezi Mungu awafungue waliofungwa kwa dhuluma, awaongoe waliozama kwenye ulevi, na atufanye watu wa kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.